Mstari wa Kabagwira

Baraka, tarehe 15 Agosti 2023

Mdogo wangu mpendwa Godelieve,

Amani ikae nyumbani mwako Kazimia, na upepo wa ziwa usikuingie kifuani kama mwaka jana. Natumaini goti lako limekubali dawa, na kwamba jirani yako amejenga banda ili kuku wake waache kula muhogo wako. Sisi hapa tuko. Vumbi la barabara linaingia hadi ndani ya sufuria, na Merveille, mke wa mwanangu, ananinywesha uji kila asubuhi huku akinitazama mpaka bakuli liishe. Mimi mwenyewe sitakudanganya: moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa Kifaransa kirefu, akidhani urefu unapunguza uchungu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Nililijua jibu kabla hajamaliza. Kwa hiyo naandika mistari kumi, nalala kidogo, naamka, naandika mingine. Usishangae ukiona mwandiko unapanda na kushuka.

Barua yako niliipokea kwa mama mmoja muuza samaki aliyeshuka na boti. Umenieleza kwamba kikundi chenu cha kuandika programu kimefika watu tisa, kwamba mnakutana Jumamosi katika ukumbi wa parokia baada ya wanakwaya kutoka, na kwamba hakuna anayelipwa hata kidogo: Eddy anatengeneza simu, Marthe ni muuguzi, wewe ni katibu mstaafu, na bado mnagombania mabano na nukta kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Nilicheka hadi Merveille akaja mbio kuona nimepatwa na nini.

Umeniuliza mambo matatu: mwandikie ndani ya programu gani, mwanze na lugha gani, na kazi yenu muiweke wapi isipotee. Nitajibu yote. La tatu nitalichelewesha, na utaona kwa nini.

Kwa kuandikia, iacheni ile programu kubwa ambayo Eddy alionyeshwa Uvira. Ni nzuri kwa mwenye mashine mpya. Mashine zenu zimeshatumika Ulaya kabla ya kufika kwenu, na plaka ya sola ya parokia inachoka saa tisa mchana. Programu ikichukua dakika nne kufunguka, mtu mwenye hamu ndogo atakuwa amekumbuka kwamba ana nguo za kufua. Chukueni Geany. Inafunguka kabla hujaketi vizuri, inapaka maneno rangi ili kosa lijitokeze, na haimuulizi mtu kama ana rezo, yaani mtandao. Lugha iwe Python, kwa sababu inasomeka karibu na namna mtu anavyofikiri, na kwa sababu kitabu chake chote cha maelezo kinaweza kukaa ndani ya mashine. Kabla hamjauliza programu inafanya nini, ulizeni itafanya nini siku rezo imekufa. Huku kwetu swali hilo linamaliza mabishano mengi.

Marthe mwambie asichague kifaa chochote kabla hajaandika kwenye daftari siku tatu za kazi yake ya chanjo jinsi zilivyokwenda kweli, pamoja na mama aliyekuja siku isiyo yake. Baadaye kifaa kitajichagua chenyewe. Na yule bwana wa sokoni anayeuza programu zilizovunjwa kufuli, mpisheni. Wiki ya kwanza zinafanya kazi, ya pili zinakula kazi yenu. Programu nyingi nzuri zinatolewa bure kwa ridhaa ya waliozitengeneza. Hakuna haja ya kuvunja dirisha wakati mlango uko wazi.

Sasa la tatu. Umeandika kwamba Eddy alitaka mtumie Git, kile kifaa kinachotunza kila badiliko la kazi, pamoja na siku lilipofanywa na jina la aliyelifanya. Ukasimama ukamwambia kwamba Yaya wako, kaka yako mkubwa, mtu aliyetengeneza Kalenda ya Mwezi, alishasema Git haifai huku, kwamba inataka rezo kila siku na mashine yenye nguvu. Eddy akasema basi Mwalimu amezeeka, nawe ukamwambia akatengeneze simu.

Mwombe Eddy msamaha, dada. Git haitaki rezo. Inakaa kimya ndani ya folda moja na kufanya kazi hata kwenye mashine yangu hii kuukuu. Nilijua hivyo tangu mwaka 2016. Usidhani kwamba nilikosea. Nilidanganya.

Pamoja na barua ulinitumia wasifu wangu ulioanza kuuandika, ili nisahihishe tarehe. Wewe ni katibu hadi mwisho, humngojei mtu afe ndipo unoe kalamu. Tarehe nimezisahihisha. Lakini ukurasa wa pili umeandika kwamba mimi ndiye niliyetengeneza Kalenda ya Mwezi, ile inayobandikwa ufukweni toka Mboko hadi kwenu, inayowaambia wavuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wa usiku, ni siku zipi giza litatosha kwa taa zao, na bamama ni lini wapange vichanja vya kuanikia na ni lini waende shamba kwa sababu mwezi mpevu utawalaza wanaume nyumbani. Sentensi hiyo isisomwe kwenye matanga yangu. Ndiyo sababu naandika kwa haraka kuliko mkono unavyotaka.

Unamkumbuka Kabagwira, aliyefundisha fizikia shuleni kwetu? Jamaa zake walitoka milimani, watu wa ng'ombe. Alikuwa na umri wa kuwa binti yangu, na ni yeye aliyenifundisha kuandika programu nilipostaafu. Kila Jumapili, akitoka kwenye ibada ya kanisa lao, alipita kwangu na chupa ya maziwa, tukakaa mbele ya mashine hadi Merveille atufukuze ili aweke bugali mezani. Siku moja nilimwambia kwamba wavuvi wanabishana juu ya siku za giza, na kwamba mashine ingeweza kuwapa jibu la mwaka mzima. Hilo ndilo nililotoa, wazo. Hesabu yote aliiandika yeye kwa muda wa miezi mitatu, na kando ya mistari aliandika maelezo kwa Kinyarwanda, kwa sababu, alisema, hesabu ngumu huifikiria kwa lugha ya mama yake. Juu kabisa aliweka jina lake. Akanipa kazi hiyo kwenye klé, ile kumbukumbu ndogo ya kuchomeka, nikaipeleke kuchapwa.

Mwaka ule maneno kati ya watu wa ziwa na watu wa milimani yalikuwa makali. Nilijiambia kwamba wavuvi wakiona jina hilo watalikataa bango. Hakuna aliyeniambia hivyo, Godelieve. Sikumuuliza hata mmoja. Nilifungua faili, nikafuta jina lake. Kisha nikaona maelezo yale ya Kinyarwanda nayo yangemtaja, nikayafuta moja baada ya jingine, haraka, kama mtu anayefagia nyayo uani. Nilijiambia ni kwa muda tu.

Bango likabandikwa. Wilfried, mwenyekiti wa wavuvi, alinishika mkono mbele ya watu wote, na Jumapili padri alinitaja kwenye matangazo. Watu wakaanza kuniita Mwalimu wa Mwezi. Ilikuwa tamu. Kabagwira alipoliona bango aliniuliza kwa upole jina lake liko wapi. Nikamjibu kwamba nafasi kwenye karatasi haikutosha. Alinitazama kidogo, akasema sawa, Mwalimu, akanywa chai yake akamaliza, akaosha kikombe. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Mwaka 2019 alihamia Uvira na watu wake, nami sikwenda kumuaga.

Kalenda nayo ikaanza kukosea. Si kila mwezi. Miezi mingine tu, siku nzima. Wilfried alikuwa akiniona mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, anapiga kelele, “Mwalimu, mwezi yako iko inachelewa! Ile ya Mungu ilishatoka!” Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, halafu narudi nyumbani kutafuta kosa. Nimelitafuta miaka saba. Mtu ambaye angeniambia alikuwa Uvira. Kifaa ambacho kingenirudisha kwenye faili jinsi lilivyokuwa kabla sijaligusa nilikuwa nimekikataa, maana kingeonyesha pia ni mkono wa nani ulioandika na ni mkono wa nani uliofuta. Vijana wa hapa Baraka waliponiuliza juu ya Git, niliwajibu kwamba inataka rezo. Waliniamini kwa sababu niliwafundisha kugawanya. Uongo huo ulifika Kazimia kabla yangu.

Mwezi wa sita, baada ya kile Kifaransa cha daktari, niliomba nipelekwe kwa moto, yaani pikipiki, hadi kwa Wilfried. Nilimweleza yote. Aliendelea kushona wavu, kisha akaniuliza mbona sikuwauliza wao wenyewe. “Sie tulikuwa tunatafuta giza, Mwalimu,” akasema. “Kabila ya muntu mwenye alipiga hesabu, nani alikuuliza?” Nilikuwa nimewatwisha watu wale woga wangu kwa miaka saba, na wao hawakuwa na habari.

Siku ileile nilimwandikia Kabagwira. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja na Rosette, mfanyabiashara anayepanda na kushuka barabara ya Uvira: klé iliyofungwa kwenye karatasi, na maneno machache. Ameandika kwamba alijua tangu siku ya bango. Kwamba aliposikia kalenda inachelewa alijua mara moja ni mstari gani umekosekana: ule unaosahihisha mwendo wa mwezi, kwa sababu mwezi hauendi kwa kasi moja siku zote. Maelezo ya mstari huo yalikuwa yamebandikwa mwishoni mwake. Mimi katika kufagia kwangu niliona Kinyarwanda, nikafuta mstari wote. Kila mwaka, ameandika, alingoja nimuulize. Hasira yake ilikuwa kubwa na haijaisha yote. Msamaha anautafuta, na akiupata atanijulisha. Nimeyapokea maneno hayo kama yalivyo. Sikustahili mepesi zaidi.

Ndani ya klé kuna kazi yake yote ikiwa ndani ya Git, tangu siku ya kwanza, na imeendelea kuboreshwa miaka yote hii, bila bango, bila mtu wa kumpongeza. Merveille alinifungulia. Nikamwomba anisomee badiliko la kwanza kabisa, maana macho yangu hayasomi tena herufi ndogo. Lilikuwa la Jumapili tarehe 6 Machi 2016, na Kabagwira alikuwa ameandika hivi: Wazo ni la Mwalimu Albert, giza la wavuvi. Hesabu ni yangu, naanza leo.

Godelieve, jina langu lilikuwa pale. Miaka saba nilipokuwa nimefuta la kwake, la kwangu lilitunzwa mahali pake, kwa kipimo chake, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Merveille alidhani ni kifua. Nikamwambia aniache kidogo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hili: tumieni Git kuanzia Jumamosi hii. Kila mtu aandike jina lake la kweli na sababu ya kila badiliko, kwa lugha anayofikiria, iwe Kibembe, Kifaransa au Kinyarwanda, na asiwepo wa kufuta maelezo kwa kuwa haelewi lugha yake. Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya klé ya Kabagwira, kwa ruhusa yake. Kila mmoja wa wale tisa ajitengenezee nakala, maana kila nakala inabeba historia yote. Ziwa likipanda tena na kuingia ukumbini kwenu, kazi itakuwa salama kwa mwingine. Kikundi msikiite kwa jina langu, ingawa umeandika kwamba mnataka hivyo. Na Eddy afundishe somo la kwanza, nawe uketi mstari wa mbele.

Kwenye wasifu, badala ya sentensi yako, andika kwamba nilipata wazo la kalenda, kwamba Kabagwira aliandika hesabu, kwamba nilifuta jina lake na baadaye nikalirudisha. Usipunguze neno la tatu ili kunipamba. Katibu mzuri haandiki kisichokuwapo kwenye kikao.

Nisalimie Marthe, na padri wenu, na wanakwaya wanaowachelewesha. Waambie wajukuu babu yao anakula uji kwa adabu. Merveille anakukumbatia, anasema ukija ulete ndagala wakavu wa Kazimia, hawa wa hapa wana mchanga. Ukinikuta, tutakaa. Usiponikuta, klé unayo.

Mungu akutunze, mdogo wangu.

Ni mimi Yaya wako,
Albert

Nimefungua tena bahasha leo Ijumaa tarehe 18. Kalenda ya zamani ilisema mwezi mwandamo ungeonekana leo. Ile yenye mstari wa Kabagwira ilisema jana. Jana jioni, jua likiwa ndio kwanza limezama, Wilfried alikuja hadi dirishani kwangu, hakugonga mlango, akapaza sauti kwamba safari hii mwezi yangu haikuchelewa. Nikamjibu kwamba si wangu. Akauliza ni wa nani basi, mzee yule anapenda mchezo, maana alishajua. Nikalitaja jina kwa sauti, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakasikia.