Avoka Katikati ya Shamba

Mubi, 12 Januari 2023

Kwa Mama,

Bwana asifiwe. Habari ya mugongo? Mudogo wangu Prince anaenda kwa masomo? Miye niko muzima.

Ulisema kulima mu mifuko njo muchezo ya watoto wenye hawana udongo. Haya, sikia. Hapa nyuma ya maduka, vijana wenye walikuwa wanashinda bila kazi wanalima mboga ya lengalenga mu ile mifuko, wanauzisha, wanajifunza kupanga kazi na kusema mbele ya watu. Agronome, bwana shamba wa projet, njo miye anaita kufundisha wapya.

Nakutumia miche ya avoka kwa dereva wa gari ya Kibua. Nilizipandikiza miye mwenyewe. Prince azipande katikati ya shamba yetu, utaona ule muchezo unazaa nini.

Mutoto wako,
Gentille

Masisi, 6 Februari 2023

Gentille,

Salamu zimefika. Mambo ya afya uyaache.

Prince alipanda avoka zako wakati nilikuwa kwa misa. Kesho yake Papa Polycarpe akazikuta. "Shamba yetu", nani alikuambia? Ni ya Papa Polycarpe. Tangu baba yako alikufa anatuachia tulime, na kila mavuno tunamupelekea maharagi na kasiksi, pombe ya ndizi. Maharagi, mihogo, hakuna shida, vinaisha na musimu. Muti hapana. Mwenye kupanda muti anasema udongo iko yake. Mutoto wa Masisi mwenye hajaota meno anajua hiyo, lakini wewe wa projet hapana.

Sasa muzee anasema namunyang'anya shamba akiwa angali muzima. Anataka wewe mwenye kutuma uje, uzing'oe na mikono yako mbele yake, uombe musamaha, kabla maharagi hayajapandwa. Usipokuja anatufukuza. Tafuta pikipiki, uje.

Mama yako

Mubi, 19 Februari 2023

Mama,

Bwana asifiwe. Natumaini uko na nguvu, maana nguvu ya kunitukana haujakosa.

Nilisimama mbele ya vijana wote nikasema kwetu tuko na shamba. Wewe ulinyamaza miaka yote, leo makosa ni ya Gentille. Siji. Formation, mafunzo ya projet, inaisha mwezi wa tatu, mwenye kukosa hapewi jembe wala kipande ya kulima. Na niombe musamaha juu ya avoka? Prince alipanda, Prince ang'oe. Ule muzee anapenda kelele, atachoka.

Mutoto wako,
Gentille

Mubi, 28 Mei 2023

Mama,

Bwana asifiwe. Mugongo iko namna gani?

Barua zangu haujibu, na dereva anaapa anakupatia kwa mukono. Kama ni hasira, nitukane, lakini andika. Nimepewa kipande yangu hapa Mubi. Kama huko iko vibaya, kuja na Prince, tutakula. Sisemi kama nilikosa. Nasema kuja.

Mutoto wako,
Gentille

Masisi, 15 Julai 2023

Gentille,

Tuko. Mugongo inauma.

Prince alitaka kuzing'oa, Papa Polycarpe akakataa: mwenye kuzileta njo azitoe. Tulikungojea mpaka mvua ikanyesha. Kisha akaja na watoto wake, wakapanda maharagi yao. Sisi tunalala kwa shangazi yako, na nalimia watu.

Nilifikiri avoka atazikata. Hapana. Amezijengea lupango ya miti, mbuzi zisizikule, anazionyesha wageni. Na vile jua ni kali, alitafuta mutu wa kuzimwangia maji. Aliniita miye. Nikimaliza ananipimia maharagi, narudi nayo kwa shangazi yako, tunapika.

Hata moja haikukufa. Majani yao ni mazuri, sitadanganya.

Mubi sitakuja. Na usitume tena kitu, hata barua.

Adelaïde,
mama ya Prince