Baba, Gari Lile Halikutakiwa Kuvutwa

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, maana nilipokuwa naingia ndani bila kukuamkia ulikuwa unanirudisha mlangoni nianze upya. Huu ni mwaka wa tatu hakuna wa kunirudisha, na leo nina jambo ambalo ningelisema nikiwa nimesimama palepale mlangoni, macho chini. Nimeharibu gari la watu. Na kwa siku nne nilitaka kumwachia mtu mwingine kosa hilo.

Unakumbuka lori lako la korosho, lile la kijani? Wakati wa likizo ulikuwa unanipakia mbele, tunatoka Masasi kupandisha Newala, mimi na mihogo ya kuchemsha mapajani. Hukusafiri bila kamba. Kila gari lililokwama njiani ulisimama kulisaidia, hata kama wenye mzigo walikuwa wanakungoja. Nikikuuliza kwa nini, unajibu, "Mwanangu, barabara hii haina mgeni." Mimi nilichukia kwelikweli, maana tulifika mihogo imepoa na mama amenuna. Lakini nadhani ndipo nilipojifunza kwamba anayekuja na kamba hakataliwi.

Sasa sikia. Ofisi yetu ya miche ya mikorosho, hapa Masasi, ilikodi gari la umeme kwa mkataba wa miaka miwili. Umeme mtupu, baba, halinywi dizeli hata tone, unalichaji ukutani kama simu. Ungelizunguka wee ukitafuta bomba la moshi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa na mimi ndiye niliyetia sahihi. Fundi wa kampuni yenye gari alitoka Dar es Salaam kuja kunielekeza, na jambo moja alilirudia: likizima njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Lisubiri gari la kulibeba zimazima mgongoni, hata kama litatoka Mtwara kesho yake. Nikasema nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatika Masasi tangu jana yake. Chaji haikujaa, nami nikaondoka hivyohivyo kwa sababu wakulima walikuwa wananisubiri Kitangari. Kwenda nilifika. Kurudi kuelekea Newala, gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama kando ya mikorosho. Nikampigia fundi simu. "Usiliguse, mama," akasema. "Gari la kulibeba litafika kesho asubuhi."

Haikupita muda, wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuteka maji wakatua ndoo zao. Mmoja akanisogezea ya kwake, ndoo nzima, nipoze rejeta. Unajua maji ya kule yanavyohangaikiwa. Ningeanzaje kumwambia kwamba gari hili halina shida ya maji yake? Nikachota kikombe, nikanywa chote mbele yake, ili asione nimemkatalia.

Ndipo akatokea Baba Fadhila na lori la tajiri wake. Mtani wetu wa kikabila, yule mliyekuwa mnatukanana stendi mpaka watu wanasahau mabasi yao. Hujui alichofanya siku tuliyokuzika: aliingia kaburini mwako akalala, akagoma kutoka mpaka tumpe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Tangu siku ile namwona kama baba mdogo.

"Lo! Gari limekufa hata kilio hatukusikia!" akaanza hata kabla ya kuteremka. "Nyie Wamakonde mmeanza lini kuendesha maiti?"

Nikamwambia linasubiri kubebwa.

"Libebwe, kwani limevunjika mguu?" Tayari alikuwa chini ya bampa anafunga kamba. "Mtani haombi ruhusa."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: fundi amekataza. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilimtazama mtu aliyelala kaburini mwako, nikatazama watu waliokusanyika na lile gari la ofisi linalong'aa, nikaona nikisema litasikika kama maringo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikacheka pamoja nao, nikakaa kwenye usukani.

Tulifika Newala bampa linaning'inia upande mmoja na ndani kunanuka waya ulioungua. Kesho yake fundi alifika na lile gari la kubebea, akafungua, akachungulia, akafunga taratibu. Akanieleza kwamba magurudumu ya gari lile yakizungushwa kwa nguvu, mota nayo huzunguka na kutengeneza umeme usio na pa kwenda. Huo ndio ulioiunguza.

Alinionea huruma. Alinipa fomu ya maelezo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Tumaini, andika kwamba dereva wa lori alifunga kamba bila kukuomba ruhusa. Hapo wewe umetoka. Kampuni itashughulika na tajiri yake." Na ni kweli, baba, hakuomba! Ningeweza hata kuapa. Fomu haikuwa na mahali pa kueleza utani ni nini.

Nilikaa nayo siku nne. Tajiri wa Baba Fadhila alisikia, akamnyang'anya ufunguo wa lori mpaka maelezo yangu yatoke. Katikati ya msimu wa korosho. Ulikuwa dereva, unajua anayekosa msimu anakula nini mpaka mwakani. Siku ya nne nikaenda kwake. Alisimama, akanipa kiti, akasema, "Karibu, mama. Habari za kazini?" Hata tusi moja hakunipa. Angenizaba kofi nisingeumia kiasi kile.

Kisha akaniuliza, "Hivi lilikatazwa kuvutwa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa. "Ungeniambia, mtani," akasema. "Ningekutukana sana, halafu ningekaa na wewe palepale mpaka kesho."

Njiani kurudi nyumbani nilikuwaza wewe. Nilikuwaza ukiwa kitandani, mchana ule wa mwishomwisho, uliponiambia habari za Baba Asumpta wa Lukuledi, mpakiaji wako. Mvua ililowesha mzigo mzima wa korosho. Wewe ndiye uliyesahau kufunga turubai, na ulipoulizwa na tajiri wako ukainamisha kichwa, akafukuzwa yeye. "Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia," ulisema. Akafa kabla siku hiyo haijafika. Nilikushika mkono nikakuambia hayo ni mambo ya zamani, baba, pumzika.

Nilikudanganya. Nilikasirika siku ile, na nimekasirika mpaka leo. Ulisimama kwa kila gari la mtu usiyemjua, na kwa mwenzako uliyekula naye sahani moja hukusimama. Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili yamo humu humu kifuani. Nilikuwa najiambia mimi nisingefanya hivyo. Kumbe nilikuwa nimeshafanya kwa siku nne.

Kwenye fomu nimeandika hivi: nilikatazwa, nilijua, nilinyamaza kwa kuona aibu, dereva hakujua. Fundi alisoma akaniuliza kama nina uhakika. Jana Baba Fadhila amerudishiwa lori. Leo asubuhi nimekabidhi vitu vya ofisi, na mkuu wangu amesema nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa. Tumaini ameniuliza, "Mama, wamekufukuza?" Nikamjibu sijui, kwa sababu sijui. Watu husema ukisema kweli unalala usingizi. Mimi silali, baba. Naogopa.

Kesho naenda Lukuledi. Nimeulizia, na Asumpta yupo. Ni mtu mzima sasa, analima mihogo na mahindi, amekua akijua baba yake alifukuzwa kwa uzembe. Nitamwamkia, nitakaa atakaponikalisha, nitamwambia ni nani aliyesahau turubai. Huenda akanifukuza, na ana haki.

Nitalitaja jina lako, baba. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza.

Pumzika.

Binti yako,
Mama Tumaini