Nilivyoizuia Kompyuta Isiniulize Mara ya Pili

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Zizi silioni, nasikia tu ng'ombe akikohoa. Moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Leo sitamsema mtu. Mmezoea kuja kwenye ukurasa huu kusoma ninavyowachamba wanaochanganya maziwa na maji na wanaochelewa ibada. Leo wa kuchambwa ni mimi. Uliyekuja kucheka, rudi wiki ijayo.

Nimeufuta ukoo wangu.

Watu wenyewe wapo, wamekaa majumbani mwao wanakula kande. Nilichofuta ni majina yao, na nani kazaliwa na nani. Ngoja nieleze taratibu, maana nikieleza haraka nitalia, na nikilia sioni herufi, na mimi naandika kwa kidole kimoja.

Kwetu watu wa damu moja hawaoani, hata kama mmekutana kwa babu wa babu. Kwa hiyo vijana wakitaka kuoana, kabla mchungaji hajamaliza kuwatangaza kanisani, wazazi wanatuma mtu Kawetele, kwangu. Nasema wako huru, au nasema wasithubutu. Kazi hii niliachiwa na mama mkwe wangu. Yeye alikuwa na kila kitu kichwani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini darasa la nne la zamani si la kuchezea, nikawa naandika kwenye madaftari. Nilikwenda kwa miguu mpaka Suma, mpaka Isongole, kukaa na wazee jikoni kwao, nikiandika wanachosema. Wengi wa wazee hao sasa tumeshawazika.

Mwanangu Ambokile ndiye aliyeleta kompyuta. Alijifunza mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Msimu mmoja wa mvua tulikaa wawili chumbani, mimi nasoma madaftari, yeye anaingiza. Akatengeneza programu, akaiita Ukoo. Ukiandika jina la mtu, inakuonyesha baba, mama, mabibi na mababu, na mistari ya waliooleana. Nilikuwa naiangalia kama mtu anavyoangalia shamba lililopaliliwa.

Mwaka uliofuata Ambokile alikufa. Hapo sitaandika zaidi.

Madaftari yalikuwa yameanza kuoza. Hapa kwetu unyevu unakula hata Biblia. Niliyawashia moto jikoni. Mkwe wangu, mke wa mwanangu ninayekaa naye, aliniuliza, mama, una uhakika? Nikamwambia kama ana hamu ya karatasi akanunue gazeti.

Sasa mniwie radhi, nitasema mambo ya kompyuta, na nitayasema nilivyoyaelewa mimi.

Mle ndani ya kompyuta kuna daftari lake yenyewe, inakoandika mambo yake ya siri: ukubwa wa herufi, programu gani ifunguke vipi, kila kitu. Mafundi wanaliita rejistri. Ukitaka kulibadilisha unaweza kuandika amri kwenye faili, halafu ukibonyeza faili hilo linafunguka dirisha jeusi na amri zinafanya kazi zenyewe. Fundi wangu wa Tukuyu mjini, Gwakisa, aliyesoma na Ambokile, alinitengenezea mafaili mawili ya namna hiyo. La kwanza linakuza herufi, maana macho yangu yamechoka. La pili ni la Ukoo.

La pili lilikuwa na sababu. Umeme ukikatika wakati Ukoo iko wazi, na msimu huu unakatika kila siku, inabaki alama kwenye lile daftari la ndani, na programu inagoma kufunguka mpaka alama ifutwe. Faili la Gwakisa linakuambia bonyeza kuendelea, halafu linakuuliza jina la alama, unaandika, linafuta.

Lakini kabla ya kufuta, kompyuta inauliza. Unataka kufuta hiki moja kwa moja? Ndiyo au hapana?

Kila siku. Ndiyo au hapana. Asubuhi ndiyo au hapana, mchana umeme ukirudi, ndiyo au hapana.

Nilichukia. Mimi nikisema neno limesemwa. Nimezaa watoto saba, nimezika watatu na mume, hakuna aliyewahi kunirudia usoni kuniuliza kama nina uhakika, isipokuwa yule mkwe, naye mlisikia nilivyomjibu. Leo niulizwe na bati?

Nikaenda mjini kwa Gwakisa na mafaili yale kwenye flashi, nikamwambia aizuie isiniulize. Kwenye faili la herufi, ambalo nalo linauliza, alikubali. Alilifungua nikiwa nimesimama nyuma yake, akaongeza mwishoni mwa amri kimstari kilichoegama na herufi efu. Akaniambia hiyo efu maana yake ni lazimisha: fanya, usiulize. Nikasema haya, na la Ukoo.

Akakataa. Alisema herufi zikikua vibaya zitapunguzwa, lakini kilichofutwa kwenye daftari lile hakiendi kwenye kapu la takataka, kimekwenda. Nikamwambia anaogopa kivuli chake. Hapo akainua kichwa.

"Mama Ambokile," akasema, "swali lile mimi ndilo nalitegemea. Siku ukikosea, ni lile tu litakalokushika mkono."

Nikamuuliza amewahi kuniona nikikosea. Akanirudishia flashi yangu kwa adabu, kwa mikono miwili. Adabu ile mimi niliihesabu kuwa ushindi.

Nilishaona alivyofanya. Nyumbani nikafungua faili la pili mwenyewe, kwa ile programu ndogo ya kuandikia, nikatafuta amri ya kufuta, nikaweka kimstari kilichoegama na efu. Nikahifadhi. Nikajaribu. Dirisha jeusi likafunguka, nikaandika jina la alama, likafuta, likajifunga. Kimya. Hakuna ndiyo wala hapana.

Nilijiona msomi. Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Hata kwenye kikundi cha akina mama nilisema, wakadhani nimerudi shule.

Jumanne hii umeme ukakatika, ukarudi. Nilikuwa nimetoka kumenya ndizi na nilikuwa na haraka, kulikuwa na wageni wa msiba kwa jirani. Nikafungua faili. Likasema bonyeza kuendelea. Nikabonyeza. Kompyuta ikachelewa, kama ng'ombe anayefikiria. Nikabonyeza tena kwa hasira.

Kubonyeza kule kwa pili ndiko kulikoniua. Dirisha lilipofika kwenye kuuliza jina la alama, lilikuta nimeshabonyeza, likachukua kwamba nimejibu, na jibu lenyewe ni tupu. Amri ilikuwa imeandikwa: futa Ukoo, kisha jina la alama. Jina la alama halikuwepo. Yakabaki maneno mawili tu, futa Ukoo.

Na Ambokile wangu, kumbe majina yote aliyaweka humo humo. Kwenye lile daftari la ndani la kompyuta, chini ya neno Ukoo.

Lile swali lingekuja, ningeliona jina Ukoo limekaa peke yake bila mkia, hata mimi na macho yangu. Ningesema hapana. Halikuja. Lilikuja neno moja la Kiingereza la kusema kazi imekamilika vizuri, dirisha likajifunga, na mimi nikaenda msibani.

Jioni nilifungua Ukoo ikafunguka nyepesi sana. Nyeupe. Nikaandika jina langu. Hakuna mtu kama huyo. Nikaandika Ambokile.

Hakuna mtu kama huyo.

Jana nilimchukua Gwakisa mjini kwa bodaboda, nikamlipia na kurudi, nikamkalisha kitini kwa mwanangu. Alitafuta asubuhi yote. Akatafuta nakala ambayo kompyuta huwa inajiwekea yenyewe. Ambokile alikuwa ameizima kwa sababu mashine ni ndogo na ilikuwa inajaa. Akauliza kama kuna daftari. Nikamwonyesha jiko.

Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba majina ya watu hayawekwi humo, yanawekwa kwenye faili lake, kwamba rafiki yake alikuwa bado anajifunza. Nilimfokea vibaya. Nilimwambia marehemu hasemwi akiwa hana mdomo wa kujibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga, akaenda. Nilipobaki peke yangu nikaingia zizini nikaegemea ng'ombe. Nililia mpaka akanisukuma.

Kwa sababu Ambokile alikosea, ndiyo. Lakini swali lilikuwa limesimama mlangoni, na mimi ndiye niliyelifukuza.

Nadhani mnafikiri huo ndio mwisho wa aibu yangu. Bado.

Leo saa nne alikuja Sekela wa Suma, msichana mpole, muuguzi wa zahanati, amelowa mpaka magotini. Ameposwa na kijana wa Isongole anayelima viazi. Wameshatangazwa kanisani mara mbili, Jumapili hii ni ya tatu. Wazazi wake walikuwa waje wenyewe, mvua ikawazuia, akaona aje yeye. Alipiga goti na matope yake, akanisalimia, akakaa pembeni ya mkeka. Akasema, bibi, wamenituma nikuulize kama tuko salama.

Nilijua cha kusema. Nilipaswa kusema mashine imekufa na mimi ndiye niliyeiua, subirini.

Badala yake nikaenda chumbani. Nikakaa mbele ya kompyuta nyeupe. Nikabonyeza bonyeza vitufe ili asikie. Mimi, mwanamke mzima, mshiriki wa meza ya Bwana, nabonyeza vitufe vya bure kama mtoto anayejifanya anasoma.

Nikajaribu kukumbuka. Bibi yake mzaa mama namjua, niliandika jina lake kwa mkono wangu, jikoni kwake, alinipa maziwa mgando. Na pembeni ya jina la mama wa bibi yule kulikuwa na mstari unaokwenda Isongole. Naapa ulikuwepo. Ulikuwa mrefu, Ambokile alilalamika kwamba unapita katikati ya watu wengine. Lakini ulikuwa unaishia kwa nani? Kwa watu wa kijana huyu, au kwa majirani zao tu? Hapo kichwani ni peupe kama kwenye kioo cha kompyuta.

Nilitoka chumbani nikamwambia, "Mko salama. Nendeni mkaoane."

Akafurahi, akanishika mikono yote miwili. Ndaga, bibi, ndaga, akashukuru kwa Kinyakyusa. Nikangoja.

Nitakuambia nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nangoja aniulize, bibi, una uhakika? Angeuliza tu, kwa sauti ndogo, ningeanguka pale pale na kusema yote. Nilimtazama mdomoni. Nilimkawiza kwa chai. Nilimuuliza habari za mama yake mara mbili.

Hakuuliza. Ataniulizaje? Huku kwetu, kuanzia mtoto wa darasa la kwanza mpaka mzee wa kanisa, kila mtu anajua kwamba mimi siulizwi mara mbili. Ni mimi niliyewafundisha. Nimewafundisha vizuri.

Akavaa koti lake la mvua akaondoka, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu hapo sijala. Mkwe ameniletea viazi, vimepoa. Naona watoto wao ambao hawajazaliwa. Naona siku mzee mmoja wa Isongole atakapokumbuka, akasimama kwenye sherehe ya ubatizo akasema, lakini hawa si ni ndugu? Na watu wote wageuke wanitazame, na Sekela awe na mtoto mgongoni. Au labda hakuna kitu, labda mstari ule ulikuwa wa jirani. Sijui. Ndilo neno lenyewe. Sijui.

Nilishika simu nimpigie. Nikaiweka chini. Neno kama hili ukilisema kwenye simu unalisema ukiwa umejificha, na mimi nimeshajificha ya kutosha leo.

Kwa hiyo nimeamua, na ninaandika hapa mbele yenu ili nisipate pa kurudi. Kesho Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe, nitakwenda Suma. Nitakaa mkekani mbele ya baba na mama yake Sekela niseme kwamba nilimdanganya mtoto wao. Nitawaomba wamwendee mchungaji asimamishe lile tangazo la tatu. Halafu nitapanda Isongole kwa wazee wawili watatu waliobaki, niwaulize upya, kama nilivyowauliza nikiwa na miguu mizuri. Daftari nimeshanunua, la kurasa nyingi, na kalamu mbili. Watanicheka. Wengine wamengoja siku hii muda mrefu, wacha wafaidi.

Nikitoka huko nitapita kwa Gwakisa. Naye ana lake la kusikia kutoka kwangu, na mimi sijui kuomba msamaha, kwa hiyo itachukua muda.

Ninachokiogopa si njia wala matope. Ni lile neno. Maisha yangu yote sijawahi kulisema mbele ya watu wanaonitegemea. Sasa hivi nimelisema jikoni peke yangu, mara tatu, kwa sauti. Sijui. Sijui. Sijui. Mkwe alichungulia mlangoni akauliza ninasema nini.

Nikamwambia ninajifunza.