Namba Niliyoibandua Kifuani

Kasulu, nyumbani kwa Yusta

Bukuru mwanangu,

Una miguu au imeoza? Masika mawili yamepita sijakusikia ukikohoa mlangoni kwa dada yako, na basi la kutoka Kibondo linakuja kila siku! Haya, nakusalimu Kiha chetu: mwakeye. Wajukuu zangu wazima? Maharage ya huko Mabamba yametoka? Sisi wazima. Yusta anaandika ninavyosema, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Mwanangu, naona!

Yusta alinipeleka hospitali nikapasuliwe macho. Nesi akanibandika karatasi kifuani. "Bibi, hii namba yako." Nikaibandua, nikajifunga kanga yangu, nikatoka nimemshika Yusta mkono. Unajua namba ni nini kwetu. Baba yako alipewa namba akapelekwa Tanga kukata mkonge, manamba kama wenzake, na aliporudi ukimwita jina haitiki mpaka urudie. Nami niivae uzeeni? Nikamwambia Yusta bora upofu.

Yule nesi akanifuata mpaka getini.

"Bibi, wewe Muha?"

"Ulidhani Mzungu?"

Akacheka. "Mimi wa Tanga. Babu yangu alitoka huku, manamba, hakurudi tena. Namba hii haikupeleki popote, bibi. Ni ili daktari asikosee jicho, na mtu asikuchukulie zamu."

"Basi andika na jina langu."

Akaliandika juu, kubwa, akanisomea: Anastazia. Ndipo nikarudi ndani.

Mungu ambariki mtoto yule. Bandeji ilipofunguliwa, cha kwanza kuona ni meno yake, ananichekea. Sasa naona hata sisimizi wanaoniibia sukari.

Tangu siku ile nalisikiliza lile neno namba. Wazungu walikuja nalo likatuondolea wanaume. Leo wasichana wa hapa wanaombwa namba, wanadeka. Hata mimi Yusta amenipa simu, na watu wanaiomba namba yangu wanisalimie! Neno limegeuka kuliko nilivyozeeka. Nimeacha kuligombeza.

Msalimie mkeo, mkono wake ndio ulionitembeza miaka yote ile, sijausahau. Na jirani yetu aliyekuwa akinipigia kelele kama kipofu ni kiziwi, mwambie nakuja kumtazama vizuri.

Ila uso wako sijauona tangu ndevu zako zikiwa nyeusi. Ukija, usinipigie simu kutoka stendi. Ingia kimya, usikohoe, simama penye mwanga. Jina lako nitalitaja mwenyewe.

Mama yako,
Anastazia