Gari Siuzi, Dada

Nyumba za Wauguzi, Mlango wa 6,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na baridi ya huko haikuumizi sana magoti. Shemeji je, sukari yake imeshuka? Na mwanangu Kidoti, mtihani wake umeendaje? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia, na bado anabishana na redio. Mimi naendelea na wodi ya wazazi. Juzi nilipokea mapacha hata chai sijanywa.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama jikoni, nikairudia nimekaa. Unaniambia niliuze gari, kwamba mjane wa miaka hamsini na mitatu hana shughuli na gari la mbio, na kwamba Kaka amekueleza yote. Dada, Kaka amekueleza yake. Sasa nisikilize mimi.

Kwanza, si gari la mbio. Ni gari la familia la dizeli, refu, la viti vitano, na buti lake unaweza kulaza godoro. Lilikuwa la daktari mmoja wa meno aliyestaafu, na nilipolichukua lilinuka biskuti za watoto wake. Nimelinunua kwa jasho langu na kadi ina jina langu.

Unajua marehemu hakuwahi kunikabidhi usukani. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu, na hofu yake ikawa sheria ya nyumba. Miaka ishirini na mbili nilikaa pembeni yake nimepakata kapu. Leseni niliipata mwaka mmoja baada ya msiba.

Siku ya kwanza kwenda nalo kazini nilipita barabara ya kilima, ile ya kuelekea kwenye matangi ya maji. Kona ya tatu gari likainamia ubavu mmoja kama mgonjwa anayejigeuza. Mwingine angepunguza mwendo, akasahau. Mimi nilitaka kujua kwa nini limelala, na nifanye nini lisilale tena. Ilianzia hapo. Hakuna aliyenipotosha.

Nikampata fundi mmoja wanayemwita Taratibu. Nilimwambia nataka gari liwe na nguvu. Akaniuliza kama breki zinashika, nikasema sijui.

“Basi, mama, hatuongezi nguvu mpaka nijue linasimamaje,” akasema, na mwezi mzima hakugusa injini. Alibadilisha diski na pedi za breki, akaweka springi fupi na shokapu ngumu, akanitafutia tairi pana zinazong'ang'ania lami. Ndipo akaunganisha kompyuta yake na ile ya gari, akaipangia upya turbo namna ya kusukuma hewa na dizeli namna ya kuingia. Kila Jumamosi nilikuwa pale na gauni langu kuukuu, nashika taa na kuuliza maswali. Siku hizi pedi nabadilisha mwenyewe.

Sasa halipigi kelele. Linavuta tu, tangu chini kabisa, kama mtu amekuwekea kiganja mgongoni anakusukuma. Na kona ya tatu linasimama wima.

Mwezi uliopita, Jumanne, nilikwenda kazini kwa miguu. Niliporudi nikamkuta Kaka uani na bwana mmoja mwenye miwani aliyekuwa anapigapiga tairi langu kwa kiatu. Ufunguo wangu ulikuwa mkononi mwa Kaka. Alikuwa amemwambia Mama anataka kulisogeza gari kidogo, kumbe amemleta mnunuzi. Hili nina hakika hakukueleza.

“Nimekutafutia mtu mwaminifu,” Kaka akasema. “Tumalize leo, aibu hii iishe.”

“Aibu ya nani?”

“Watu wanaongea.”

“Waache waongee. Nipe ufunguo.”

Hakunipa. Nikanyoosha mkono, nikangoja. Mimi kungoja ndiyo kazi yangu, Kaka hajazoea. Mama akatokea mlangoni.

“Ulisema unalisogeza,” akamwambia. “Sikusikia ukisema unaliuza.”

Kaka akauweka ufunguo juu ya boneti. Mkononi mwangu hakuutia.

Nikamwambia yule bwana apande, maana kama amekuja kuliona gari, basi alione. Tukapanda kilima kwa mwendo unaoruhusiwa, wala si zaidi. Kwenye kona mbili za mwanzo alishikilia mlango; ya tatu akauachia. Tuliporudi akapandisha bei aliyokuja nayo, mbele ya Kaka. Nikamshukuru, nikamwambia haliuzwi. Akaomba namba ya Taratibu. Kaka akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Umeandika pia kwamba nashindana barabarani na vijana. Si kweli. Kuna uwanja wa ndege ulioachwa, na chama cha madereva kinaukodi. Wanapanga koni, kila gari linaingia peke yake na kupimwa kwa saa, kofia ngumu ni lazima, na gari la wagonjwa lipo. Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na watatu. Mara ya kwanza nilichelewa kukanyaga breki, nikaangusha koni nne, gari likageuka likatazama nilikotoka. Nilitaka kurudi nyumbani, na hilo nakuambia wewe tu. Nikakaa, nikapumua kama ninavyowaambia wazazi wangu wodini wapumue. Mara ya pili sikuangusha hata koni moja. Nimekuwa wa saba. Wa saba, Dada, kwa gari la daktari wa meno, na fimbo ya Mama ya kutembelea iko kiti cha nyuma.

Mama nampeleka kliniki nalo. Lawama yake ni moja: springi mpya zinamtajia kila shimo kwa jina. Hapo ana haki.

Kaka nampenda na mlango wangu uko wazi, ila ufunguo hatauona tena. Hasira yake naiweza. Yako ndiyo inayoniuma. Ni wewe uliyemwambia Baba, Kaka amesimama palepale, kwamba mdogo wako anakwenda chuo cha ukunga, watake wasitake. Ulinifungia sanduku mwenyewe. Yule dada ndiye ninayemwandikia. Aliyeandika ile barua simjui.

Desemba ukija nitakupokea nalo. Ukikataa kupanda, nitabeba mizigo yako na wewe utatafuta teksi. Na nitafika kabla yako, kwa mwendo wa sheria.

Nisalimie Shemeji, umbusu Kidoti, na majirani zako waliokuuguza mwaka jana uwaambie siwasahau. Mama anakuombea kila siku. Na mimi namwomba Mungu akulinde, akupe afya na safari njema.

Mdogo wako akupendaye, na gari hauzi,

Mkunga