Duara Uliloliita Choa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Najua ungeuliza kwanza kwa nini naandika badala ya kupiga simu, maana ulizoea kusema mimi na mwanao ni wavivu wa kalamu. Simu yako sasa haina wa kuipokea. Kwa hiyo nimekaa jikoni kwetu hapa Buffalo, sombe yetu ya majani ya mihogo iko motoni, na nakwambia mapema kwamba imeungua kidogo. Sema unachotaka.

Nimekukumbuka, mama. Zamani nilidhani nyumba ikikosa sauti yako nitapumzika. Ulinikosoa kwa chumvi, kwa kukunja nguo, hata kwa jinsi nilivyomsuka mjukuu wako. "Mama Rebeka, hii ni kichwa ya mutoto ama shamba ya mihogo?" Nilikuwa nanuna kweli, hadi jioni. Siku hizi kila Jumamosi nikimkalisha Rebeka mbele yangu nimsuke, nasubiri mtu anikosoe.

Kiangazi kile cha 2015 ndicho kinachonirudia zaidi. Ulikuwa na kipande chako cha bustani pembeni ya msitu, ulikopanda lengalenga, yaani mchicha, na maharage. Rebeka, miaka sita, alikuwa mkia wako. Mlirudi mmejaa majani hadi kwenye nywele, mkicheka mambo yenu ambayo mimi sikuambiwa.

Ndipo ukaona lile duara nyuma ya paja lake. Kwenye ngozi yetu halikuwa jekundu. Lilionekana kama alama ya kugongwa, ila lina ukingo. Nilitaka twende kwa daktari, ukanicheka. "Bon, choa iyi. Kwetu mutoto gani hakupata choa? Haiko kintu." Ukampaka dawa ya choa asubuhi na jioni. Nilikubali, maana hata mimi niliugua choa utotoni na mama yangu alinipaka vilevile. Duara likapanuka, kisha likafifia lenyewe, nawe ukajisifu wiki nzima.

Halafu asubuhi moja Rebeka alikunywa chai ikamwagika upande mmoja wa mdomo. Nilimgombeza kabla sijamwangalia vizuri. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelegea, na jicho halifumbi. Alipojaribu kucheka, uso ulicheka nusu tu. Ulipiga magoti palepale jikoni ukaita jina la Yesu hadi majirani wakasikia.

Hospitalini mkalimani alikuwa kwenye simu, Mkenya mwenye Kiswahili cha redioni. Daktari aliuliza kama mtoto huwa anacheza karibu na msitu, kama tuliona kupe, kama aliwahi kuwa na alama ya mviringo. Kupe hatukumwona. Ni wewe uliyesimulia duara: lilianzia wapi, jinsi lilivyofikia ukubwa wa kiganja chako, na kwamba halikumwasha hata kidogo. Daktari akaacha kuandika, akakutazama. Alisema choa huwasha na kutoa magamba. Hili lilitokana na kupe mdogo kama mbegu ya lengalenga. Damu ikapimwa, na majibu yakawa hayohayo: ugonjwa wa Laimu.

"Ndimu?" ukauliza, maana dukani ulizoea kuona ndimu zimeandikwa "lime". "Donc, ndimu njo ilifanya mutoto hivi?"

Mkalimani alicheka kwenye simu, Mungu amsamehe. Akaeleza kwamba ni jina la mji tu. Lakini kesho yake nilikuta umetupa ndimu zote, na samaki tukamla bila ndimu mpaka dawa ilipokwisha. Nikikumbuka hilo nacheka peke yangu kama mwehu.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, ya rangi ya waridi, mara tatu kwa siku. Daktari alisema itaua vijidudu visifike magotini wala moyoni, lakini uso utarudi polepole, kwa wakati wake. Wewe ukachukua kazi ya jicho. Ulimtia matone, ukalifumba kwa vidole vyako, ukabandika kitambaa laini ili lisikauke akilala. Na kila mlipotoka bustanini ulimkagua: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, katikati ya mistari ya nywele. Akilalamika kwa Kiingereza kwamba unamtekenya, ulimjibu kwamba wewe hiyo lugha huisikii.

Lakini hukuwa yule tena. Uliacha hata kunikosoa, na hapo ndipo nilipoogopa. "Niliita choa," uliniambia siku moja, huku unachambua maharage. "Miye njo niliharibu sura ya mutoto." Nilikueleza kwamba daktari alijua haraka kwa sababu yako, kwamba wewe ndiye uliyeliona duara. Ulitikisa kichwa ukaendelea kuchambua.

Kisha shemeji, mdogo wa Baba Rebeka, akapata mapacha kule Louisville, na mikono yako ikahitajika. Tukakutana naye katikati ya njia ili akuchukue, Columbus, kwenye maegesho ya duka moja la mtaa wa Clintonville. Siku hizo Rebeka hakutaka kucheka mbele ya mtu. Ulimwinamia. "Chekea Koko kidogo," ulimwomba, kwa jina alilozoea kumwitia bibi yake. Akageuza uso, akaufunika kwa mikono. Ukapanda gari la shemeji. Sikukuona tena ukiwa hai.

Simu ya Louisville ilikuja kabla ya theluji kuanza. Moyo, walisema. Nina hasira na wewe kwa hilo, mama, siwezi kukuficha. Shavu lilikuwa limeanza kuamka, jicho linafumba. Ungesubiri kidogo tu.

Siku ya kukuaga kanisa lilijaa. Rebeka aliniponyoka mkono, akaenda hadi kwenye sanduku lako, akakuinamia. Akacheka. Hakutoa sauti, alicheka kwa uso tu, meno yote nje, mashavu yote mawili juu, akabaki hivyo hivyo.

Mama mmoja nyuma yangu akashtuka. "Mutoto anacheka kwenye kilio? Mumutoshe pale!"

Baba Rebeka akainuka akamwondoe pale. Nilimshika koti.

"Muache," nilimwambia. "Mama yako alimuomba."

Pumzika sasa, mama. Hukuharibu kitu.

Mkwe wako,
Mama Rebeka