Mahali Petu Katika Hema la Khan

Mjukuu wangu Zaki,

Usicheke: kiukoo mimi ni bibi yako, hata kama nina miaka kumi na sita. Salamu za Buyenzi, mtaa wetu wa nyumbani, zimefika. Mama ni mzima, bado anatunza wazee kule Uccle, huku ughaibuni.

Umeuliza kwa nini kwenye picha ya darasa nimejificha nyuma. Bon, sikiliza. Mwaka jana mwalimu alitaka tubuni dola ambayo haikuanguka. Mimi na rafiki yangu Elif, ambaye ni Mturuki, tulichagua Waturuki wa kale, wapanda farasi wa nyikani, kana kwamba wanatawala mpaka leo. Nyumbani kwao tukatengeneza kwa katoni hema la khan, yaani mfalme wao, na ndani wanasesere wa wageni wa kila taifa.

Babu yake Elif akachungulia. "Na Warundi wako wapi, watu wa kwenu?"

Nikamwonyesha, karibu na mlango.

"Nani kawaweka hapo?"

"Mimi, papa."

"Ah, binti! Kwetu mgeni wa mbali anakaa mbele kabisa. Mlangoni tunaweka viatu."

Elif alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Dola nzima tuliibuni wenyewe, hakuna aliyenilazimisha, na bado watu wangu niliwapa mahali pa viatu.

Kisha mzee akanionyesha kiti kando yake, ninywe chai. Nilikaa, Zaki, lakini ukingoni tu, kama kwenye ile picha.

Bibi yako mdogo,
Amina